Zulia la Magunia ya Mwaloni

Nikiwa mtoto wa kuchunga ndama, kabla hawajanipeleka shule, lori la pamba lilipinduka kule Ibadakuli. Siku hizi upande ule ndege zinatua, watu wanashuka wakiburuta masanduku yenye magurudumu, lakini wakati huo palikuwa na njia ya vumbi na migunga, ile yenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Lori lilijaa pamba mbegu, linaipeleka kiwandani. Dereva akamkwepa ndama, na ndama mwenyewe, nisifiche, alikuwa wa kwetu. Mimi nilikuwa kivulini nakula furu, yale matunda meusi ya porini.

Hakufa mtu. Dereva alitokea dirishani kama anayetoka kisimani, akakaa chini, akavua kofia, akaanza kucheka. Mpaka leo sijui alicheka nini. Nyumbani nilimsimulia bibi habari ya lori, habari ya ndama nikaiacha huko huko.

Watu wa ushirika walikuja na magunia wakaokota pamba yote ya chini. Ile ya juu, iliyopeperushwa na upepo ikanaswa na miiba, hakuna aliyekubali kuchanwa mikono kwa ajili yake. Ikabaki. Siku nyingi nilipitisha ndama pale makusudi, mbali na majani mazuri, ili nitazame migunga iliyochanua maua meupe katikati ya kiangazi. Ndama wakakonda. Baba akauliza mbona wamekonda, nikasema minyoo.

Shule nilikwenda baadaye, nikaishia darasa la tatu. Hesabu hazikunipenda na mimi sikuzipenda. Lakini kila Ijumaa tulitakiwa kupeleka kazi za mikono: mfagio, kamba, kikapu, mpini wa jembe. Hapo hakuna aliyenigusa. Mwalimu alisema, "Huyu akili zake ziko kwenye vidole." Darasa lilicheka, na mimi nikacheka nao, nikidhani nimesifiwa. Ng'ombe walipoongezeka baba akanitoa, na mwalimu hakuja kuniulizia, isipokuwa alituma mtu kudai mfagio wa Ijumaa ile.

Nimelima pamba, nimelima mpunga, nimeuza michembe stendi. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwa wasiotujua. Lakini ugonjwa wangu ulikuwa dhahabu. Nimeifuata huko Geita tangu nina meno yote, na sasa nimebakiwa na machache. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani, "Mume wangu yuko chini ya ardhi," wageni wakampa pole, wakidhani ni mjane.

Miaka ya mwisho nilikuwa na mwenzangu mmoja. Alikuwa Msumbwa, mdogo kwangu, umri wa mtoto wangu wa kwanza, mrefu, mwenye maneno machache. Tulikuwa na duara letu, yaani shimo la kuchimbia, na mwalo wetu. Mwalo ni ubao umelazwa kwa mteremko, juu yake umetandikwa gunia la katani. Mawe yakishasagwa kwenye karasha yakawa unga, unaumwaga pale pamoja na maji. Mchanga unateremka, dhahabu kwa kuwa ni nzito inang'ang'ania kwenye nyuzi za gunia. Jioni unalikung'uta gunia ndani ya beseni, na humo ndimo unamotafuta riziki yako.

Sasa sikiliza jambo moja, maana ndilo lililoniponza. Gunia la mwaloni halitupwi. Likishachoka mnalikausha, mnalichoma, mnaosha majivu yake, kwa kuwa katani ina tabia ya kuficha. Na halichomwi na mtu mmoja. Mnakaa wote wenye haki, mnatazama moto pamoja mpaka uzimike. Hata mtu akiwa na homa, anasubiriwa apone.

Pampu yetu ya maji ilipokufa tulisimamisha kazi. Mwenzangu akabaki kulinda duara, mimi nikarudi nyumbani Kagongwa na magunia kumi na moja nimeyafunga kamba. Aliniambia, "Mzee, yakae kwako. Tutayachoma nikija, ndiyo yatakayotupa pampu." Nikasema sawa. Nikayaweka juu ya dari ya banda la mbuzi.

Nyumbani nikakuta mjukuu wetu ameposwa.

Huyu tumemlea sisi tangu anatambaa, mama yake alipofariki. Ananiita guku, Kisukuma cha babu, na akiwa na shida anaita mara mbili. Siku ile aliniita mara mbili.

"Guku, guku. Wakwe wanatoka Shinyanga mjini. Watu wa ofisini."

"Waje. Ofisini hawali?"

"Wanakula. Ila shangazi anasema sendofu, hiyo sherehe ya kuniaga, tukaifanyie ukumbini, hapa kwetu ni aibu."

"Na wewe unasemaje?"

Akachora chini kwa kidole cha mguu. "Mimi nataka kutokea mlango huu. Mama aliolewa akitokea mlango huu. Lakini sitaki wanicheke."

Hilo tu ndilo aliloniomba, maisha yake yote. Viatu vya shule alikuwa anamwomba bibi yake. Nami ndiye niliyekuwa nimemwahidi tangu mdogo kwamba siku yake nitaleta dhahabu, tutafanya makubwa. Dhahabu yenyewe ilikuwa bado mwambani, na kila nilichokuwa nacho kilikuwa kimeifuata chini.

Huyo shangazi ni wa marehemu mama yake, ila nyumba nzima inamwita hivyo; ni dada yangu mdogo na mdomo wake ni wa kuzaliwa nao. Alikuja na picha kwenye simu. Vitambaa vimening'inia kama mapazia ya mfalme, taa zinawaka mchana, maua ya plastiki yamepangwa mpaka kwenye choo.

"Kaka, mpambaji wa hivi utamweza?"

"Simwezi."

"Basi tutakaa kwenye nini? Kwenye ahadi zako?"

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Huyu mwalimu wake aliwahi kusema akili ziko kwenye vidole. Tumempa miaka hamsini azitumie shimoni. Tumpe wiki tatu azitumie hapa."

Nikatoka nje kama naenda haja. Nikasimama pale nyuma kwenye mgunga mmoja uliobaki, ambao sijaukata kwa sababu mbuzi wanaupenda. Ndipo lile lori la Ibadakuli liliponijia, na yule dereva anayecheka.

Kesho yake nikakata matawi makavu ya mgunga, yale yenye miiba myeupe. Nikaomba pamba kwa jirani, ile ya mwisho inayobaki shambani ambayo haina soko. Kazi yake ni hii: unachambua mbegu kwanza, unavuta pamba kidogo kidogo iwe nyepesi kama moshi, unaichomeka kwenye mwiba kutoka nchani, unaisukuma kwa kipande cha kijiti. Usiibane. Ukiibana inaonekana kama dawa ya kidonda. Ukiiacha ipumue, ukisimama hatua kumi unaapa kwamba mti umechanua.

Mke wangu akachukua upande wa maganda ya mahindi. Alikuwa anayaloweka kwenye maji ya uvuguvugu, anakata petali kwa mkasi wa kushonea, anazipanga tano tano kuzunguka kijiti na kufunga kwa uzi uliochomolewa kwenye kiroba cha mchele. Viroba Kagongwa, mji wa mchele, vimejaa kama majani. Rangi tulinunua zile za unga za kupakia mikeka, tukazichemsha kwenye sufuria mbovu. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuyaanika juani. Yakakunjamana, yakawa kama masikio ya mzee. Mke wangu akayaweka yale mabovu kichwani mwangu, akasema haya yamepata mwenyewe. Yaliyofuata tuliyakausha kivulini, juu ya chekecheo, yakatoka maua ambayo nyuki walikuja kuyatazama, wakaona wameonewa, wakaondoka.

Hata dada yangu, aliyekuja kutucheka, siku ya tatu alikuwa na mkasi mkononi. Alikata makopo ya plastiki akatengeneza vishikio vya mishumaa, akanikataza nisivisifie. Mifuko ya saruji, ile karatasi ya kaki, tuliifuta vumbi, tukaikunja, tukaibandika kwa uji wa unga wa muhogo ikawa mapambo ya kuning'inia. Mjukuu akirudi kibaruani alikuwa anakaa katikati yetu. Nilimwona anaanza kuimba peke yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu posa.

Ikabaki njia. Bibi harusi anatoka mlangoni anatembea mpaka kwenye turubai la kivuli cha wageni, hatua kama thelathini, na uwanja wetu ni udongo mweusi. Ukiwa mkavu unapasuka, ukinyeshewa unashika kiatu na kukibakiza. Wale wa ofisini wangemwona anatembea kama bata.

Nisidanganye hapa. Ningeweza kuomba mikeka kwa majirani, au kumwaga pumba za mpunga. Lakini magunia kumi na moja yalikuwa yananitazama kutoka dari ya mbuzi, katani nzito, nzuri, inayokunywa rangi. Nikajiambia tulishayakung'uta, kilichobaki ni vumbi. Nilijua siyo kweli. Mchimbaji yeyote anajua. Pia nikajiambia hayajaguswa na zebaki, ile sumu ya kukamatia dhahabu, maana zebaki ni ya kwenye beseni, kwa hiyo ni masafi kwa miguu ya mtoto. Hilo lilikuwa kweli, nikalitumia kufunika lile la kwanza.

Nikayafua mara tatu. Nikayachovya nane kwenye rangi nyekundu, matatu kwenye kijani. Nikayafumua, nikayaunganisha kwa sindano ya magunia, kijani pembeni kama mpaka wa shamba, na ncha nikazisuka vishada. Siku nne, mgongo ukiniuma. Mke wangu aliuliza mara moja tu, "Mwenzako anajua?" Nikasema nitampigia. Nikampigia kweli, nikamwalika kwenye sendofu. Habari ya magunia nikaiacha, kama ile ya ndama.

Siku yenyewe, wakwe walitegemewa saa tisa alasiri. Saa nane na nusu kila kitu kiko tayari: migunga yangu imesimama pande mbili kwenye ndoo za mchanga, zulia limetandazwa toka mlangoni hadi kwenye turubai, kwaya inajaribu spika. Naye mwenzangu akaingia uani. Viatu vya mpira miguuni, jogoo chini ya kwapa, amepiga shati jeupe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, karibu sana. Huyo jogoo..."

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amechuchumaa. Akasugua nyuzi za zulia kwa kidole gumba, akakielekeza kidole kwenye jua. Halafu akasogea kidogo na kugusa mahali palipozibwa kwa nailoni ya bluu. Tundu lile alilishona mwenyewe, kule mwaloni, mimi nikimshikia.

"Mzee, hili ni gunia letu."

"Ni letu."

"Umelipaka rangi."

"Nimelipaka."

"Umelifua?"

"Kidogo."

"Kidogo mara ngapi?"

"Tatu."

Akafumba macho. "Hayo maji ulimwaga wapi?"

"Kwenye mchicha."

"Basi mmekula pampu yangu na ugali." Alisema bila kucheka, lakini dada yangu aliyekuwa karibu alicheka, akaziba mdomo.

Akampa dada yangu jogoo, akaenda upande wa turubai, akaanza kulikunja zulia. Sikumlaumu. Wiki zote hizo alikuwa amelala pembeni ya shimo, akilinda mali yetu wawili, akiamini nami nalinda upande wangu. Nilimfuata. Nyuma yangu mlangoni nikamwona mjukuu amechungulia kwa pazia, ameshavaa, midomo imepakwa rangi. Alitazama mikono ya yule mtu inavyokunja. Hakuita. Angeniita hata mara moja ningepata la kusema.

Na huko barabarani honi zikaanza kulia.

Nikakamata zulia upande wangu. "Nimekosa," nikamwambia. "Mali ya wawili nimeigusa peke yangu. Hata nikifa utakuwa na haki ya kusema. Ila subiri huyu mtoto apite."

"Akipita, na watu mia wakipita na viatu vyao, kitabaki nini?"

"Kitakachobaki chote chako. Siyo nusu. Na nafasi yangu kwenye duara nimekuachia. Shimo lako, mwalo wako, karasha ukisaga usinipigie hata simu."

Akaacha kukunja. "Mzee, tumefika futi sabini. Mwamba umeshaanza kubadilika rangi. Unajua maana yake."

"Najua."

Nilijua kweli: dhahabu iko karibu. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na sahani za pilau, hatikisiki. Miaka hamsini alikuwa hajanisikia nikisema naliacha shimo.

Mwenzangu akalikunjua zulia, akalinyoosha kwa viganja vyake pale lilipojikunja, mpaka likalala vizuri kuliko nilivyolilaza mimi. Akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho.

Wakwe wakaingia. Mama wa bwana harusi, mama mnene mwenye kilemba, alipita kwenye migunga akasimama, akanyoosha mkono kugusa.

"Aii! Maua yenu yanauma!"

Mke wangu akamjibu pale pale, "Ndivyo alivyo na binti yetu, mkwe. Mzuri wa mbali, ukimshika vibaya anachoma. Tumewaambia mapema."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, na yule mama akacheka kuliko wote, huku ananyonya kidole. Baadaye aliuliza mpambaji ni wa mji gani. Dada yangu, yule yule wa ukumbini, akasema, "Ni kaka yangu huyu, ila ana kazi nyingi." Uongo mtamu. Siku hizi umekuwa kweli. Kuna kipaimara mwezi ujao hapa Kagongwa, wameshaniagiza matawi ishirini, na mke wangu hawaambii tena watu kwamba niko chini ya ardhi.

Mjukuu akatoka. Mlango ule ule. Nilikuwa nimeshika mkono wake. Kichwa juu. Chini yetu nyekundu, pande zote mbili miiba imechanua, na vigelegele vinapokezana. Sikutazama watu. Nilitazama vidole vyake vya miguu kwenye ile katani, nikasema moyoni, tembea mama, tembea taratibu. Tulipofika kwenye benchi la mwisho mwenzangu alisimama kwa heshima. Akavua kofia.

"Wabeja, guku," mjukuu alininong'oneza tulipofika. Asante. Mara moja tu.

Jua lilipoanza kushuka na wakwe wameondoka naye kwa nyimbo, tulilikung'uta zulia juu ya turubai tuliloliteremsha chini, mimi na mwenzangu, kama kule mwaloni. Vumbi lake tukalifunga kwenye kitambaa, akaweka mfukoni. Tulipolikunja akatoa kisu, akakata kipande cha mwisho, kile chenye nailoni ya bluu, ukubwa wa kufuta miguu, akakiweka mlangoni pangu na kukinyoosha kwa kiatu.

"Hiki kibaki, mzee. Bibi harusi akija kuwasalimu afute miguu."

Nikamwambia ale kwanza, alale, basi la Geita lipo asubuhi. Akasema kuna lori la mbao linamsubiri barabarani. Mke wangu akamfungia pilau kwenye kopo. Akalibeba zulia begani, vishada vya kijani vinaning'inia mgongoni, akapita katikati ya migunga yangu bila kugusa hata mwiba mmoja, akaenda. Hakugeuka. Na hajarudi.